Mahindi Yaliyoingia Wekundu

9 Machi

Dada Rachel, nisamehe. Daftari hili ulinipa nikiwa na tumbo la Keneth, ukaniambia niandike, na likifika mahali nilitume kwa basi huko Mwanza ulisome, kwa sababu kwenye simu mimi ni mtu wa kusema "tuko salama" hata nikiwa nalia. Sasa Keneth ameanza kucheka, na huu ndio mstari wangu wa kwanza. Sina cha kujitetea. Mkono ukipata nafasi mtoto anaamka, mtoto akilala mimi nadondoka.

Kidonda cha operesheni kimefunga, ila nikiinua ndoo kinavuta. Kwa hiyo mwaka huu shamba lote ni la mayu. Unamjua mama mkwe wangu, hasemi amechoka, anasema jua limewahi kuzama. Baba watoto, Ngassa, yuko Lamadi kwenye dagaa, amekuja mara moja tu tangu mtoto azaliwe. Ng'washi ametimiza miaka minne na anajiona yeye ndiye mwenye Keneth. Ukimbeba mdogo wake bila kumwomba, ananuna.

Mahindi yamekauka shambani, yanangoja kuvunwa, na mvua haikati.

11 Machi

Mvua.

12 Machi

Mvua. Nguruwe wamebanana kwenye kona moja ya banda isiyovuja, jike kubwa aliyepandishwa tena mwezi uliopita, na watoto wake wanne aliobaki nao, mitamba watatu, majike ambao hawajazaa bado, na dume mmoja aliyehasiwa. Hao mitamba ndio mradi wangu mimi, siyo wa Ngassa wala wa mayu. Mmoja nitamuuza, wawili watazaa.

16 Machi

Mayu amevuna kwenye mvua na wanawake wa kanisani. Mahindi yameingia ndani yakiwa yamelowa, ukiyakamua ganda linatoa maji. Nikamwambia tuyatandaze sebuleni hata kama tutalala juu yake. Akasema sebule haitoshi, na mahindi si mayai, hayavunjiki kwa kulala pamoja. Ameyalundika chumba cha nyuma, amefunika kwa majani ya migomba na magunia, juu ameweka mawe.

Ndivyo anavyofanya udaga. Wewe unaujua, mihogo inamenywa, inalundikwa, inafunikwa mpaka iote ukungu, halafu unakwangua, unaanika, unasaga. Bibi yetu alikuwa hali ugali mwingine. Lakini sijawahi kuona mtu akifanya hivyo kwa mahindi. Nilitaka kusema. Keneth alikuwa analia na mimi sikuwa nimeshika jembe hata siku moja, nikaona sina mdomo wa kusema.

17 Machi

Mvua.

31 Machi

Jua limetoka, mayu amefunua lundo. Juu mahindi yalikuwa na manyoya meupe. Tulipomenya ganda, punje nyingi zilikuwa zimeingia wekundu, siyo wekundu wa damu, ni ule wa fizi za Keneth. Harufu haikuwa mbaya, ilikuwa tamu kidogo. Nikasema mayu, hii rangi siipendi.

Akacheka. Akaniambia mimi nimekulia Nyashimo, barabarani, tumezoea unga wa dukani uliosagwa na watu tusiowajua. Ukungu ni ukungu, akasema, yeye amekula udaga kabla hajaota meno na ameyang'oa ya mwisho akiwa bado anakula udaga. Tumekwangua siku nzima. Zilizooza kabisa tumeweka pembeni kwa ajili ya nguruwe. Nyingine tumeanika.

Usiku nilikuwa bado nanusa vidole vyangu.

2 Aprili

Keneth anaharisha. Ni mate, anaota jino mapema.

14 Aprili

Tumesaga. Unga umetoka mweupe, huwezi kuona kitu. Pumba na zile punje mbovu zinakwenda bandani, nachanganya na mashudu ya pamba kidogo na maji ya kuoshea vyombo. Wanakula mpaka wanalamba ukuta.

Ng'washi anapenda uji wake. Mayu ndiye anampikia asubuhi ninapojibanza na Keneth, kwa sababu Keneth anakesha, na alfajiri ndiyo saa yangu ya kufumba macho. Nikiamka nakuta mtoto ameshiba, amenawishwa, amesukwa. Dada, nimemsema sana mayu kwako. Leo niandike na hili, bila yeye nisingekuwa na mtoto aliyesukwa.

20 Aprili

Mvua tena. Ngassa amepiga simu, dagaa hawakauki.

28 Aprili

Leo nimefurahi na nimeona niandike nikiwa nimefurahi. Mitamba wangu wamepevuka. Nilikuwa nasafisha banda nikaona wote watatu nyuma wamevimba, wamekuwa wekundu, na chuchu zimejitokeza. Ni dalili za joto hizo, na umri wao haujafika miezi mitano. Nikamwita mayu aone. Akasema umeona sasa, mahindi yangu yana nguvu.

Nimemtumia ujumbe Machibya wa ng'ambo ya mto alete dume lake. Malipo ni kitoto kimoja wakizaa. Nimelala nikihesabu vitoto ambavyo havipo.

1 Mei

Machibya amekuja na dume lake amelifunga kamba mguuni, dume kubwa la masikio yaliyolala, linatembea kama mwenyekiti wa kitongoji. Tuliliingiza bandani. Likaenda kwa mtamba wa kwanza, likanusa, likasimama, likaondoka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu lilimpanda, mtamba akapiga kelele na kukimbilia ukutani, nalo likaacha, likaenda kula mashudu.

Machibya alivua kofia akajikuna. Anasema dume lake halijawahi kukataa, lilishapanda mpaka toroli.

"Hawa wako wamejipodoa tu, Mama Ng'washi," akaniambia. "Nje ni maharusi, ndani ni watoto wa shule."

Tulicheka wote, hata mayu. Akaondoka na dume lake na kikombe cha chai.

4 Mei

Uvimbe haujashuka. Joto la nguruwe huwa linapita baada ya siku chache. Hili halipiti.

9 Mei

Dada, hata yule dume aliyehasiwa ameota chuchu. Nimemshika nikamgeuza kuhakikisha. Amevimba kama mama anayekaribia kuzaa.

Nikamwambia mayu. Alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa. Akasema yeye alikuwa anajiuliza nitaona lini. Halafu akasema lile ambalo amelikalia muda mrefu, kwamba anajua ninachoma sindano ya uzazi wa mpango. Amejua kwa watu wa kanisani, hapa hakuna siri ya zahanati. Anasema dawa hiyo iko kwenye jasho langu na kwenye maziwa yangu, inaingia kwenye maji ya vyombo, inakwenda bandani. Na kule kisimani wanasema nawapa nguruwe vidonge vya majira ili wanenepe, ndiyo maana mama mmoja aliyekuwa ameweka oda ya mtamba amesema atanunua kwingine.

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia nimepasuliwa tumbo mara mbili na mwanae hajui hata upande kovu lilipo.

10 Mei

Hatusemezani. Anaosha nguo za Keneth hata hivyo.

14 Mei

Nilikuwa namwogesha Ng'washi kwenye beseni. Alisema mama, usinisugue hapo, panauma. Kifuani. Nikashika taratibu. Chini ya ngozi kuna kitu kigumu, kama punje, upande wa kushoto. Upande wa kulia kipo pia ila kidogo.

Nikafikiri ni jipu. Nikafikiri ameanguka. Nikamuuliza kwa upole kama kuna mtu amemgusa, akashangaa, akasema Keneth anamvuta nywele.

15 Mei

Nimeangalia tena. Kipo.

18 Mei

Tumeenda zahanati. Dada wa pale ni mtu mzuri, alimpima homa, akatupa dawa ya maumivu, akasema tumwangalie. Tukiwa njiani tukapita kisimani. Ng'washi alikuwa amevaa kile kigauni cha mwaka jana kinachombana. Mama mmoja akamtazama, akaniambia kwa kicheko huyu wako anataka kuwa mwali kabla ya wakubwa zake. Wenzake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ni mdomo tu. Lakini Ng'washi alijitazama kifuani, akajifunika kwa mikono, na hakuishusha mpaka tulipofika nyumbani.

Nimemvalisha sweta. Jua linawaka na mtoto anatoka jasho ndani ya sweta. Mayu ameuliza kwa nini. Nikamfunulia nikamwonyesha.

Alikaa chini. Nilidhani atanihurumia. Akasema, "Sindano yako hiyo."

Dada, nilimwamini. Usiku kucha nilimwamini. Nilimnyonyesha Keneth nikiona kila funda namtilia sumu.

22 Mei

Ninaandika nikiwa sijaoga, niache niandike yote.

Asubuhi nilimkuta mtamba mmoja amelala ubavu, nyuma yake kitu chekundu kimetoka nje, kikubwa kama chungu kidogo, kimejaa uchafu na nzi. Wenzake walikuwa wamekitafuna. Alikuwa bado anapumua. Nilimfunga Keneth mgongoni nikapiga simu kwa Elineema, afisa mifugo wetu, yule Mpare niliyekwambia amehamishiwa huku na bado anaweka barafu kwenye kila kitu anachokunywa. Alikuja na pikipiki. Mtamba alikuwa ameshakufa.

Mayu alitaka tuchinje haraka tuuze kitimoto kabla ya mchana. Elineema akasema hapana, akaomba maji, sabuni na jani la mgomba. Akampasua pale pale nyuma ya banda.

Wewe unajua mimi si mwoga wa damu. Lakini nilichoonyeshwa sikukijua. Alitoa mfuko wa uzazi akautandaza kwenye jani. Una pembe mbili ndefu. Akaniambia kwa mtamba wa umri huu zinatakiwa ziwe nyembamba kama kamba ya kiatu. Hizi zilikuwa nene kama mkono wa Keneth, laini, zimejaa maji, kama za jike aliyezaa mara tatu. Halafu akatafuta kwenye ncha zake akanionyesha vitu viwili vidogo, kama punje za mtama.

"Hapa ndipo mayai yanatoka," alisema. "Na ndipo agizo linatoka. Wakati ukifika, hapa panatoa homoni, inakwenda kwenye mfuko na kwenye chuchu, inasema kua. Sasa tazama. Hapa bado pamelala. Hapajasema kitu."

Nikamuuliza kama hapajasema, nani amesema?

Akaniuliza mashudu ninatoa wapi, kiasi gani, tangu lini. Akatikisa kichwa, siyo mashudu. Akauliza kama ninawapa dawa yoyote. Mayu alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema mbele yake kwamba mimi nachoma sindano ya uzazi wa mpango, naomba aseme kama ndiyo. Uso uliniwaka lakini nilisema.

Hakucheka. Akasema sindano yangu iko kwangu, haiwezi kutoka kwenye mikono yangu ikavimbisha banda zima. Akauliza pumba ninatoa wapi.

Nikamletea debe la punje zile mbovu. Alitia mkono, akazigeuza kwenye kiganja, akanusa. Akaniambia kuna ukungu wa mahindi yaliyovunwa na maji, unatia rangi hii, na unatengeneza kitu ambacho mwili unakichanganya na homoni ya kike. Mfuko hauulizi agizo limetoka kwa nani. Ukiambiwa kua, unakua, hata kama mwenyewe ni mtoto. Unakua mpaka unakosa nafasi, halafu unatoka nje. Kukwangua hakusaidii, kuanika hakusaidii, kupika hakuondoi. Nguruwe ndio wanaoonyesha mapema kuliko mnyama mwingine yeyote.

Halafu akauliza, taratibu sana, "Na nyinyi mnakula mahindi gani?"

Nilienda ndani nikamleta Ng'washi, nikamwambia tu kwamba kifua kimevimba. Elineema hakumgusa. Alisimama akanawa mikono mara mbili, akachuchumaa akamuuliza jina la mdogo wake. Aliposimama akaniambia yeye ni wa mifugo, hawezi kuniambia kitu kuhusu mtoto, lakini nimpeleke hospitali Bariadi mjini, na nisingoje kesho kutwa. Na mahindi yale yasiingie tena mdomoni mwa kiumbe.

Mayu alikuwa ameshaondoka mlangoni.

Mtamba tumemfukia.

23 Mei

Niliamka alfajiri bila Keneth kuniamsha. Jikoni mayu alikuwa anakoroga uji, Ng'washi ameshika kikombe.

Nikamwambia mayu, weka mwiko chini.

Akasema Elineema ametoka milimani, udaga ameuonea huku ukubwani. Akasema nguruwe ni nguruwe, alikatazwa tangu zamani, usifananishe tumbo lake na la mtoto wa mwanangu. Akasema kama ni sumu, yeye na mimi tungekuwa tumeshakufa.

"Udaga ni mihogo, mayu," nikamwambia. "Huu siyo udaga. Na mimi na wewe tulishakua, hatuna cha kuambiwa kua."

Nikachukua kikombe mkononi mwa Ng'washi. Alishikilia. Alikuwa na njaa, dada. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, analia, nikamwaga uji kwenye majivu. Nimempa michembe iliyobaki ya mwaka jana, vile viazi vitamu vya kukatakata na kukausha, tumeichemsha, akala amenuna.

Mayu amehamishia chakula chake chumbani kwake.

24 Mei

Michembe.

26 Mei

Hospitali, baada ya kukopa nauli. Daktari anaitwa Harieth, ni msichana, anaweza kuwa mdogo kuliko mimi, amechoka kama mimi. Alimpima Ng'washi urefu, uzito, akamshika kifua akiwa anamsimulia habari za panya. Nilimweleza nguruwe wote kuanzia mwanzo. Nilidhani atanifukuza. Aliacha kuandika akanisikiliza.

Akasema hawezi kuniambia kwa hakika. Inawezekana ni mahindi. Inawezekana ni kitu kingine, kuna watoto wanaowahi bila sababu, na kuna uvimbe kichwani unaoweza kufanya hivyo, na lazima hayo yaangaliwe. Vipimo vya homoni havipo hapa. Inabidi mtoto aende Mwanza, apigwe picha ya mkono waone mifupa inakimbia kiasi gani. Mifupa ikikimbia inafunga mapema, mtoto anabaki mfupi, na hedhi inaweza kuja akiwa bado anacheza vumbini. Kama ni mahindi, na ameacha, basi uvimbe unatakiwa upungue wenyewe.

Nikauliza kuhusu Keneth na sindano. Akasema ninyonyeshe, sindano haina kosa hapa.

Nililia kwenye benchi la nje. Ng'washi akanifuta kwa sweta lake.

1 Juni

Kwenye simu nilimweleza Ngassa yote. Alisema atakuja tuongee.

5 Juni

Ngassa amefika leo mchana akiwa na toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, na dereva wake. Alimbeba Ng'washi, akamletea pipi na sato mmoja aliyekaangwa. Nikafurahi. Halafu nikaona wanatoa magunia chumba cha nyuma.

Nikamuuliza anayapeleka wapi. Akasema Nyashimo, sokoni. Akasema amefikiri njia nzima. Kama hatuwezi kula basi tuuze, tununue mengine yaliyo mazima. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyekwisha kubaliana na nafsi yake.

"Ukishasagwa ni mweupe," akasema. "Nani atajua?"

Nikasema mimi.

Akasema mwaka mzima tutakula nini, Joyness. Na hapo hakuwa anagomba, alikuwa anauliza kweli. Pamba mwaka huu imelala na maji. Mitamba hawauziki. Ana mama, mke, watoto wawili. 

Magunia yalikuwa yameshapakiwa. Nikapanda kwenye toyo nikakaa juu yake. Keneth alikuwa mkononi, akaanza kusumbua, nikatoa ziwa nikamnyonyesha pale pale juu ya magunia. Dereva akazima injini akageukia ukuta. Ngassa akaniambia shuka, watu wanaangalia. Walikuwa wanaangalia kweli, Machibya alikuwa anapita na jembe lake akasimama.

Nikamwambia Ngassa, "Basi mpakie na Ng'washi. Wanunuzi wamwone kwanza, ndipo wapime."

Sikupaza sauti. Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni na sweta lake, pipi mdomoni, anajua tunamsema. Ngassa alimtazama. Alimtazama muda mrefu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona, maana kwenye simu niliyasema lakini kwenye simu mtu anasikia maneno.

Dereva akauliza bila kugeuka, tunaenda au hatuendi?

Machibya ndiye aliyeshusha gunia la kwanza. Ngassa akashusha mengine. Akamlipa dereva, akaingia ndani akalala kifudifudi mpaka jioni.

6 Juni

Ngassa amerudi Lamadi asubuhi. Hakuniaga vizuri. Alimuaga mama yake.

Nimeanza kuchimba shimo nyuma ya banda. Nachimba kidogo, kovu linavuta, nakaa, nachimba. Nikasikia jembe la pili. Mayu alikuwa ameingia upande wa pili wa shimo, gauni amelikunja kiunoni, anachimba. Tukachimba mpaka shimo likafika magotini.

Akasema akiwa ameinama, "Kikombe cha pili cha uji nilikuwa nampa mimi. Kila asubuhi, wewe umelala. Nilikuwa nasema mtoto wa watu ananyimwa mama, acha ashibe."

Nilikuwa nimemwekea maneno mengi tangu lile la sindano, niliyapanga vizuri, na hata moja halikutoka. Nikamfungua Keneth mgongoni nikampa ambebe, nikachukua jembe lake.

Tumemwaga mahindi yote, tumechanganya na majivu na kinyesi cha nguruwe asije mtu akafukua, tumefukia. Kuku wa jirani walikuja, mayu akawafukuza kwa mawe mpaka giza likaingia. Aliniambia wabeja, asante. Sijui alikuwa ananishukuru kwa lipi.

7 Juni

Siwezi kuinua mkono. Mayu amepika.

15 Juni

Jike kubwa limezaa. Saba. Wote wafu, isipokuwa mmoja aliyezaliwa miguu ya nyuma imekwenda pembeni, hawezi kusimama. Amekufa saa sita.

16 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Sasa.

25 Juni

Elineema amepita. Mitamba wawili waliobaki wanakula majani ya viazi na mabaki ya mtama, wamekonda, lakini nyuma wamenywea. Amesema mwili umeacha kudanganywa. Kama watazaa siku moja au hawatazaa, hajui.

Ng'washi nimemshika leo akiwa amelala. Upande wa kulia sikuona kitu, nimetafuta, nadhani hakuna. Upande wa kushoto kipo. Siwezi kusema kimepungua kwa sababu natamani kipungue, na mikono yangu siiamini tena. Mayu naye ameshika. Akamfunika shuka.

Ngassa ametuma salamu kupitia dereva wa gari la dagaa, na kiroba cha dagaa. Siyo kingi. Nimekipokea.

27 Juni

Dada Rachel, basi la asubuhi linaondoka na daftari hili, nitalikabidhi kwa kondakta anayekujua. Ulisome peke yako. Usimpigie Ngassa kumgombeza, alishusha magunia. Usimseme mayu kwa mama. Ninachohitaji ni hiki, na sitaki unitumie kingine zaidi ya hiki hata kama unacho:

Mahindi gunia moja, yaliyovunwa na jua. Usinunue unga. Mimina punje chini uzitazame, ukiona hata moja yenye wekundu au ukungu acha gunia zima.

Mtama wa uji, debe moja.

Turubai la kuanikia, kubwa kuliko sebule yangu.

Ile mifuko ya nafaka ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, sita. Mayu ameniomba yeye mwenyewe.

Jina la daktari wa watoto anayeshughulika na homoni hapo Mwanza, na siku anayopokea wagonjwa. Karatasi ya rufaa ninayo tayari.

Godoro la kuweka chini hapo kwako, la watu watatu. Tutakuja mimi, Ng'washi na Keneth. Picha ya mkono ikionyesha mifupa inakimbia tutakaa zaidi, kwa hiyo mwambie shemeji mapema.

Gauni moja la Ng'washi, pana kifuani, la kitambaa kisichobana, ili avue sweta. Usimchukulie la wakubwa kwa kuwa nimeandika pana. Liwe na maua au kipepeo, lenye mfuko wa kuwekea pipi. Mwambie muuzaji ni la mtoto wa miaka minne.